Mgomo ukiisha, nani anashika kalamu?

Kila mwaka nikifika kwenye somo la migomo ya Katanga, jimbo la migodi la Kongo, hakosi mwanafunzi mmoja wa viti vya nyuma anayeinua mkono: "Prof, sasa kuasi kunaleta maendeleo ama kunaleta maiti?" Wenzake wanacheka. Nafundisha historia ya kazi hapa Lubumbashi, miaka mingi nimekuwa nikisoma barua na ripoti za wakubwa wa migodi, na jibu langu limekwisha kugeuka mara mbili tatu. Siku hizi namrudishia swali: mgomo ulipokwisha, nani aliandika karatasi?

Chukua Desemba 1941. Ubelgiji, mkoloni wa Kongo, imekaliwa na Wajerumani tangu Mei 1940, na shaba ya Union Minière, kampuni kubwa ya migodi ya Katanga, inatakiwa vitani upande wa Uingereza na wenzake. Kazi imeongezwa. Sokoni vitu vinapanda bei, mshahara na posho viko palepale. Wazungu wa kampuni hiyohiyo wamekwisha kudai nyongeza yao, na watu weusi wanaona. Ndipo kazi inasimama, Likasi (wakati ule Jadotville) na hapa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kumbuka kwamba mbele ya sheria ya mkoloni hao hawakuwa wagomaji. Mfanyakazi mweusi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha alikuwa mkosaji, na kifungo kilimngoja.

Tarehe 9 Desemba umati ulikuwa kwenye uwanja wa mpira. Gavana wa jimbo, Amour Maron, aliwataka warudi kazini. Msemaji wao alikuwa Léonard Mpoyi. Masimulizi yaliyokusanywa baadaye yanasema alichodai ni kidogo sana: wapewe uthibitisho kwamba nyongeza imekubaliwa kweli. Alipigwa risasi akafa, na askari wakafyatulia waliobaki. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo: ya serikali iliishia kwenye makumi, ile inayosimuliwa kwenye kambi za wafanyakazi inavuka mia.

Nilipokuwa kijana niliishia hapo, na kwangu hiyo ilikuwa hadithi ya kushindwa. Lakini baada ya damu ile mishahara ilipanda, na mwaka 1946 sheria ikawaruhusu weusi kuwa na vyama vya wafanyakazi. Je, hayo si maendeleo? Ni maendeleo, sikatai. Ila soma sheria yenyewe: chama kinakaa chini ya jicho la utawala, na pembeni kunaundwa mabaraza ya kampuni ambamo mfanyakazi anashauri bila kuamua. Waliokufa uwanjani waliulazimisha mlango ufunguke. Upana wa mlango ulipimwa na mwenye nyumba.

Upande wa pili kuna Julai 1960. Siku tano baada ya uhuru wa Kongo, Jenerali Janssens, Mbelgiji mkuu wa jeshi, anawaandikia askari wake ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawasawa na kabla ya uhuru. Katika Force Publique nzima, jeshi lililoachwa na mkoloni, hapakuwa na ofisa hata mmoja Mkongomani, kwa hiyo hasira yao ilikuwa halali kabisa. Waliasi, na ndani ya siku chache wakapata walichotaka: Janssens akaondolewa, vyeo vikagawiwa, na Victor Lundula, burgumesta (meya) wa Jadotville, akawekwa juu ya jeshi. Tarehe 11 Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, akatangaza Katanga imejitenga. Najua kujitenga kule kulikuwa na sababu zake, na Wabelgiji waliokuwa nyuma yake. Siwabebeshi askari mzigo wote. Lakini uasi ule haukuwa na mtu wa kukaa naye mezani wala madai yenye mpaka, na nchi changa ikajikuta haina jeshi la kulitegemea.

Wanafunzi wangu, ambao wengi wao hawana hamu na Janssens, hunitajia Januari 2015. Muswada wa sheria ya uchaguzi hapa Kongo ulitaka uchaguzi usubiri sensa. Watu wakaingia barabarani, makumi wakauawa, na Seneti ikakiondoa kifungu. Hapo karatasi ilibadilika kweli, tena kwa siku chache. Halafu uchaguzi uliopaswa kufanyika 2016 ukaja kufanyika Desemba 2018. Mfano huo unanisumbua, kwa sababu waliokataa walishinda maandishi, na bado kalenda ikabaki mikononi mwa wengine.

Mimi mwenyewe nimegoma mara moja tu maishani. Shuleni, sekondari, kwa ajili ya maharagi yenye wadudu. Siku mbili hatukuingia darasani, tukagonga sahani hadi mikono ikauma. Prefe, mkuu wa shule, akashuka uwanjani, akaahidi mbele ya wote, tukapiga makofi. Kwa wiki mbili tulikula bukari (ugali) na samaki. Wiki ya tatu wadudu walirudi, tukawatuma wajumbe watatu kumkumbusha ahadi yake. Alitusikiliza vizuri sana, akavua miwani, akauliza: "Imeandikwa wapi?"