Anza kwenye Habu: Dhana Potofu Kuhusu Rimu na Matairi ya Magari ya Zamani

Volkswagen Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1962, na Datsun 1600 SSS ikashinda mwaka 1970. Ndiyo maana mpaka leo magari haya hayakosi mtu wa kuyafufua. Lakini wengi wanaoyafufua huanzia pasipofaa: wananunua rimu zilizowapendeza macho, wanatafuta tairi la kuzijaza, kisha wanamwachia fundi ahangaike kuzibana kwenye gari. Mpangilio sahihi hutoka ndani, kwenye habu (kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake), kwenda nje. Kwanza duara la bolti, halafu tundu la katikati, nafasi ya breki, upana wa rimu na ofseti, na tairi huja mwisho. Dhana zilizo hapa chini karibu zote huzaliwa na kuugeuza mpangilio huo.

"Matundu manne kwa manne, rimu itaingia"

Idadi ya matundu haitoshi. Kinachoamua ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya bolti zote, kile wauza rimu wanachokiita PCD. Datsun 1200, Datsun 1600 na Corolla za KE20 na KE30 zina 4x114.3, yaani bolti nne kwenye duara la milimita 114.3. Vitz na Corolla nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 zina 4x100. Hapo kila tundu liko nje ya mahali pake kwa zaidi ya milimita 7, kwa hiyo rimu haiingii kabisa na hakuna hasara. Hatari iko pale tofauti inapokuwa ndogo. Fiat 124 ina 4x98. Rimu ya 4x100 inavaa, bolti zinashika na gari linaondoka. Lakini kila bolti imekaa milimita moja kando ya kitako chake na inavutwa kwa upande. Baada ya safari chache usukani unatetemeka, bolti zinalegea, na mwisho moja inakatika.

Kupima ni rahisi. Kwa bolti nne, pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya ile inayoikabili moja kwa moja. Kwa bolti tano haipo inayokabiliana na nyingine, kwa hiyo pima kati ya bolti mbili zilizo jirani, kisha zidisha kwa 1.7. Beetle za zamani zina 5x205, hivyo jirani kwa jirani utapata kama milimita 120.5. Kuanzia modeli ya 1968, Beetle nyingi zikahamia 4x130. Mtu akikuuzia "rimu za Beetle", muulize za bolti ngapi kabla hujatoa pesa. Land Rover za Series ni 5x165.1, yaani inchi sita na nusu, na hapo jirani kwa jirani ni milimita 97.

PCD ikilingana bado kuna mambo mawili. La kwanza ni tundu la katikati: likiwa dogo kuliko habu, rimu haikai bapa, na kulikata kwa mashine kunadhoofisha rimu ya alumini. La pili ni kitako cha nati. Rimu nyingi za dukani zina vitako vya umbo la koni, bolti za Beetle za M14 zina vichwa vya mviringo kama nusu ya gololi, na rimu nyingi za alumini za kiwanda cha Toyota hutumia nati zenye shingo na washa bapa. Nati ya koni kwenye kitako cha mviringo hugusa ukingo mwembamba tu. Inaonekana imekaza, na hailindi kitu.

Nyuzi nazo zinachanganywa sana, kwa sababu M12x1.25 ya Datsun (unene wa milimita 12, uzi mmoja kila milimita 1.25) na M12x1.5 ya Toyota huonekana sawa mkononi. Nati isiyo yake inaingia raundi mbili tatu kisha inakuwa ngumu, na fundi mwenye haraka anaisukuma kwa spana ndefu mpaka studi (bolti iliyosimama kwenye habu) inaharibika. Anza kila nati kwa vidole. Ukiwa unaizungusha, hesabu: studi ya M12x1.5 inataka raundi zisizopungua 8, M12x1.25 karibu 10, na bolti ya M14x1.5 zaidi ya 9. Rimu ya alumini ni nene kuliko ya chuma, kwa hiyo studi zilizotosha zamani huenda zikawa fupi. Zikiwa fupi, weka ndefu. Kukaza zaidi hakurefushi studi.

"Ukiweka rimu kubwa, gari linainuka"

Kinachoinua gari ni kipenyo cha gurudumu zima, yaani rimu pamoja na tairi. Hesabu yake inatosha kwenye kisanduku cha kiberiti. Chukua upana wa tairi, zidisha kwa asilimia ya kimo chake, zidisha kwa 2, kisha ongeza kipenyo cha rimu kwa milimita (inchi moja ni 25.4). Kwenye 165/70R13, 165 ni upana kwa milimita, 70 ni asilimia ya kimo, na 13 ni inchi za rimu. Tairi la zamani lisiloandikwa asilimia, kama 155R12, mara nyingi lina kimo cha asilimia 80 hadi 82.

Chukua Datsun 1200 iliyotoka na 155R12, kipenyo kama milimita 553. Ukiipandisha kwenye rimu za inchi 13:

- 165/70R13 hutoa 561, ongezeko la asilimia 1.5
- 185/60R13 hutoa 552, karibu sawasawa na la mwanzo, ila ni pana
- 175/70R13 hutoa 575, ongezeko la asilimia 4
- 175/50R13 hutoa 505, pungufu kwa karibu asilimia 9

Rimu zote hizo ni za inchi 13, lakini moja inainua gari na nyingine inalishusha hadi sampu ya oili inaogopa kila tuta. Kaa ndani ya asilimia 3 juu au chini, na spidomita, gia na nafasi ya fenda havitakusumbua. Kwa gari hili tungechagua 165/70R13.

Spidomita haidanganywi kwa namna moja kwenye magari yote. Land Rover ya 88 (inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) kwa kawaida ilikuja na 6.00-16. Ukiivisha 7.50-16 za 109, kipenyo kinapanda kwa takriban asilimia 10, kwa hiyo spidomita ikisema 80 wewe uko 88, na gia zote zimekuwa nzito kwa kiasi hicho hicho. Kwenye Beetle waya wa spidomita unatoka kwenye habu ya mbele kushoto, umepenya katikati ya ekseli na kushikwa na kifuniko cha grisi. Kwa hiyo tairi la nyuma hata liwe kubwa vipi haligusi spidomita, linabadilisha mwendo wa gia tu. Ukinunua rimu zenye vifuniko vya katikati, hakikisha cha kushoto mbele hakiubani mwisho wa waya huo.

"Kipenyo kikiwa sawa, tairi linafaa"

Mtego huu ndio unaowanasa wengi wenye Beetle. Tairi lake la radio (yaani radial, lenye nyuzi zinazokatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo) ni 155R15, kipenyo kama 635. Mtu anapiga hesabu, anakuta 195/65R15 ina 634.5, na tairi hilo linapatikana kila duka. Anaona ameokota dhahabu.

Hesabu ya kipenyo ni sahihi, ila rimu ya Beetle ina upana wa inchi 4 au 4.5, na 195/65 inataka rimu ya inchi 5.5 hadi 7. Ukilibana kwenye rimu nyembamba, kuta zake zinavimba kama mkate uliozidi hamira, katikati ya uso wa tairi inabaki juu na kuisha upesi, na kwenye kona tairi linalala upande kabla gari halijafuata usukani. Mbele litakwangua ukikata kona kali. Nyuma, siku ya pancha, utajua ugumu wa kulipenyeza kutoka ndani ya fenda. Na spea haitaingia kwenye shimo lake chini ya boneti. Hilo la spea si dogo, kwa kuwa Beetle nyingi huchukua upepo wa kurushia maji ya kioo kutoka kwenye spea yenyewe.

Chagua 165/80R15. Ina 645, ongezeko la asilimia 1.6, na inakaa kwa utulivu kwenye rimu ya inchi 4.5.

"Tairi pana hushika barabara zaidi"

Hushika zaidi pale uzito unapotosha kulikandamiza. Datsun 1200 ina kama kilo 700, na Beetle kati ya 750 na 870 kutegemea mwaka. Uzito mdogo ukiutandaza juu ya tairi pana, kila sentimita ya mpira inabonyezwa kidogo. Kwenye lami kavu hutaona tofauti. Kwenye maji tairi linaelea mapema, na kwenye changarawe linapanda juu ya kokoto badala ya kuchimba. Magari haya pia hayana pawa stelingi: kila milimita unayoongeza mbele utailipa kwa mabega wakati wa kuegesha.

"Ofseti ni mambo ya urembo"

Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaokaa kwenye habu. Huandikwa ET na namba kwa milimita. Rimu isiyoandikwa inapimika. Ilaze uso wa nje chini, weka rula ndefu juu ya ukingo wa ndani, shuka kwa futi hadi kwenye uso wa habu. Toa nusu ya upana kamili wa rimu, ukikumbuka upana kamili unazidi ule ulioandikwa kwa kama milimita 25. Mfano: rimu ya inchi 4.5 ina milimita 114 na kwa jumla karibu 140. Ukipima 104, toa 70, ofseti ni 34.

Sasa mtu anataka rimu ya inchi 6 yenye ET15 badala ya hiyo. Upana umeongezeka milimita 38, yaani 19 kila upande. Ofseti imepungua 19, maana yake rimu yote imesogea nje kwa 19. Ukingo wa ndani umebaki palepale, na ukingo wa nje umetoka kwa milimita 38 kamili. Ni karibu vidole viwili, na fenda haina nafasi hiyo. Hata ukikunja ukingo wa fenda, katikati ya tairi imehama mbali na mhimili wa usukani. Usukani unarusha kwenye mashimo, gari linavuta upande ukishika breki, na beringi ya nje inabeba mzigo ambao haikutengenezewa.

Spesa (kipande kinachowekwa kati ya habu na rimu ili kuisogeza nje) hufanya kosa lilelile kwa njia nyingine, na juu yake inakula nyuzi za studi. Ile bapa ya kupachika tu, isiyo na studi zake, usiiweke bila kurefusha studi.

"Saizi za zamani hazipo tena"

Zipo, ila zimebadilisha jina. 7.50-16 bado inauzwa kwa ajili ya malori madogo, na 235/85R16 ina kipenyo karibu sawa nayo, milimita 806. Kwa inchi 12, zile 145R12 za kirikuu zina 537, pungufu kidogo ya asilimia 3. Zinaweza kuvaliwa na Datsun 1200, lakini ni matairi ya mzigo yenye kuta ngumu, na gari jepesi litaruka juu yake. 155R12 ya abiria ikipatikana, lipia tofauti.

Kwenye kubadilisha jina, usichanganye radio na yale ya nyuzi za mshazari kwenye ekseli moja. Ukilazimika kwa muda, radio ziwe nyuma.

"Siku hizi tyubu haina kazi"

Rimu nyingi za zamani hazina kile kinundu kinachozuia ukingo wa tairi usitoke mahali pake upepo ukipungua. Rimu nyingi za Land Rover za Series zimeungwa kwa riveti, na upepo unapenya hapo. Za spoki ni wazi zaidi. Zote zinataka tyubu ya saizi ileile ya tairi, na kama tairi ni radio, tyubu nayo iwe ya radio. Kabla ya kuivisha, safisha kutu kwa brashi ya waya na uondoe kila stika ndani ya tairi, kwa sababu kona ya stika inatosha kusaga tyubu.

"Meno yapo, tairi zima"

Gari la mradi linakaa gereji miaka. Meno hayaishi, mpira unazeeka. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye namba inayoanza na herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarakimu tatu maana yake tairi ni la kabla ya mwaka 2000, litoe leo. Zaidi ya miaka 10 libadilishe hata likiwa linang'aa, na kuanzia miaka 6 likaguliwe kila mwaka, hasa chini ya kuta, kwenye nyufa nyembamba kama za udongo mkavu. Angalia pia namba ya mzigo: 73 ni kilo 365, 82 ni kilo 475. Jumla ya matairi mawili ya ekseli izidi uzito wa ekseli ukiwa umepakia watu.

"Ikizunguka kwenye jeki, imekaa"

Kwenye jeki springi zimening'inia, na tairi liko mbali na kila kitu. Anza na rimu tupu bila tairi: ivishe, izungushe, hakikisha kuna angalau milimita 3 kati yake na kalipa ya breki. Kisha vaa tairi, weka jeki chini ya mkono wa sasipensheni, sio chini ya bodi, na upandishe mpaka springi ibonyee. Kata usukani hadi mwisho kushoto, halafu kulia, ukipitisha kidole pote: fenda, bomba la breki, mkono wa stelingi. Acha milimita 10 au zaidi. Rudia gari likiwa na watu wanne ndani, maana nyuma ndiko kunakokwangua na hakuna anayejaribu huko. Kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kukabilisha, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako, na baada ya kilomita 50 kaza tena.