"Damu yako ni 9": tisa ya nini?

Kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, Ujiji, dada mmoja alinigeuzia kadi yake, kidole kikiwa juu ya namba. "Dada, wameandika 9. Tisa ya nini?" Mimba yake ilikuwa ya miezi mitano. Mkononi alishika chupa ya juisi ya rozela, maana mama mkwe alimwambia kitu chekundu huongeza damu. Zamu yake ilifika kabla sijamaliza kumjibu, na jibu lile limebaki kunikaa kooni.

Ile 9 si lita. Kinachopimwa ni hemoglobini, protini yenye madini ya chuma iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu. Ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwili mzima, na kwa mjamzito, hadi kwenye kondo la nyuma ambako mtoto anapokea yake. Tisa ni gramu 9 za hemoglobini katika kila mililita 100 za damu. Mjamzito huhesabiwa ana upungufu wa damu akiwa chini ya 11, au chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya katikati. Asiye na mimba mpaka wake ni 12. Tofauti hiyo inatokana na mimba yenyewe: majimaji ya damu huongezeka karibu nusu, chembe nyekundu hazifuati kwa kasi ile ile, damu ikawa kama mchuzi uliozidishwa maji. Kushuka kidogo basi ni kawaida. Tisa imepita hapo.

Sasa wekundu. Mwili hautengenezi damu kwa rangi, unatengeneza kwa chuma, asidi ya foliki na protini. Mawese yetu ni mekundu na ni mazuri kweli, lakini wekundu ule ni wa karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Chuma kipo kwa dagaa, weupe kama fedha wanapoanikwa Kibirizi, mwalo wetu wa Kigoma. Dagaa wa Ziwa Tanganyika analiwa mzima, kichwa na miiba, kwa hiyo mama anapata na kalisi ya mifupa ya mtoto. Chuma cha samaki na nyama hufyonzwa kirahisi kuliko cha mboga, tena husaidia kile cha mboga kipite. Ndiyo maana napenda sana sahani ya dagaa waliooshwa mchanga ukaisha, matembele pembeni, limau limekamuliwa juu. Limau si la ladha tu, vitamini C yake inafungulia njia chuma cha matembele. Kwa walioko Tabora, maharage au kunde zifuatwe na embe, kazi ni ile ile. Ugali wa muhogo peke yake unashibisha, ila chuma chake ni kidogo mno.

Chai nayo inaharibu. Ya rangi au ya maziwa, ikinywewa pamoja na chakula inazuia chuma kufyonzwa. Isogezwe saa moja au mbili mbele. Udongo ule wa kutafuna, ambao wengi wetu tunautamani tukiwa na mimba, nao unakikamata chuma tumboni na unaweza kuleta minyoo. Hamu yenyewe mara nyingi huja kwa sababu chuma kimepungua, kwa hiyo mtu asichekwe, aambiwe akapime.

Ikishafika 9, chakula peke yake hakitoshi. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vina chuma na asidi ya foliki. Choo kitakuwa cheusi, na hilo halina madhara. Kichefuchefu kikizidi, vinywewe usiku baada ya kula, visiachwe. Na kwa kuwa malaria huvunja chembe nyekundu, chandarua na SP, dawa ya kukinga malaria inayotolewa kliniki, ni sehemu ya matibabu hayo hayo.

Chini ya 7 ni upungufu mkali. Hapo, au moyo ukidunda mbio na pumzi ikikatika mama akiwa amekaa tu, aende hospitali siku hiyo hiyo.