Qinghefang: maana ya jina na kisa cha kisima

Qinghefang ni mtaa wa soko wa kale mjini Hangzhou, mashariki mwa China, chini ya kilima cha Wushan. Ukilivunja jina, qing ni safi, he ni mto, fang ni mtaa. Mgeni husema "mtaa wa mto safi", kisha akautafuta mto asiuone. Haupo. Qinghe ni wilaya ya mbali huko kaskazini, inayotajwa kuwa chimbuko la ukoo wa Zhang, na jina lake lilifika Hangzhou likiwa cheo.

Mwaka 1138 watawala wa nasaba ya Song, waliokuwa wamenyang'anywa kaskazini ya China na Wajurchen, watu wa kaskazini-mashariki, waliufanya mji huu makao yao makuu. Jemadari wao Zhang Jun, ingawa hakuwa wa damu ya kifalme, alitunukiwa cheo cha mwanamfalme wa Qinghe, na Qinghe yenyewe ilikuwa mikononi mwa adui. Jumba lake lilikuwa hapa. Mwaka 1151 alimwandalia mfalme Gaozong karamu ambayo orodha ya vyakula vyake inasomwa hadi leo. Watu wakauita mtaa kwa cheo chake.

Lakini Zhang Jun huyohuyo alishiriki kumsingizia uhaini jemadari mwenzake, Yue Fei, aliyeuawa mwaka 1142. Kwenye kaburi la Yue Fei, kando ya Ziwa la Magharibi, sanamu ya chuma ya Zhang Jun imepigishwa magoti, mikono nyuma, pamoja na za wenzake watatu katika njama hiyo. Wapita njia wameitemea mate kwa karne nyingi. Mji mmoja, mtu mmoja: huku ametukuzwa kwa jina la mtaa, kule ametemewa mate. Mimi hapo ndipo naona uzito wa jina hili.

Neno fang nalo lina historia yake. Enzi ya Tang, nasaba iliyotangulia Song, fang ilikuwa mtaa uliozungushiwa ukuta, lango likifungwa usiku, na biashara ikiwa na masoko yake maalumu. Kufikia enzi hii ya Song kuta zilikuwa zimeondoka, maduka yakafunguka barabarani na watu wakauza hadi usiku. Neno likabaki.

Hadithi inayopendwa zaidi ni ya kichochoro cha jirani, Dajing, yaani Kisima Kikubwa. Wanasimulia kuwa maji ya kisima yaligeuka meusi, yakanuka, kwa sababu nyoka wawili walikuwa wamejificha humo. Mhunzi Zhang Xiaoquan akanywa pombe iliyotiwa dawa ya kufukuza nyoka, akateremka na nyundo, akawaua wakiwa wamejiviringisha shingo kwa shingo. Alipowatoa, akaitazama ile misalaba ya shingo na mikia iliyojikunja, akafua chuma kwa umbo hilo: mkasi. Mhunzi huyo aliishi kweli, karne ya 17, na mikasi yenye jina lake inauzwa hadi leo.

Mwaka 1874 tajiri Hu Xueyan alianzisha hapohapo duka la dawa za asili, Hu Qingyu Tang. Vibao vingine humtazama mnunuzi. Kimoja, chenye maneno "jie qi", yaani jihadharini na udanganyifu, alikielekeza ndani, kwa wauzaji. Hu alifilisika miaka ya 1880. Duka lingali wazi, na kibao kingali kimewakabili wauzaji.