Mwendo ni nini? Kasi, velositi, mchapuko na kani

Hapo ulipokaa umetulia, unazunguka Jua kwa kasi ya kilomita 30 hivi kila sekunde, pamoja na kiti chako na nyumba nzima. Hakuna kinachokutikisa wala upepo unaokupiga usoni. Mwili hauna habari na mwendo wenyewe. Mwendo ukibadilika, ndipo unapojua.

Tuanze na maana yake. Katika fizikia, mwendo ni kubadilika kwa mahali kitu kilipo kadiri muda unavyopita, ukikipima kwa kulinganisha na kitu kingine ulichokichagua kuwa kigezo. Watu hukumbuka nusu ya kwanza ya maelezo haya na kuisahau ya pili. Abiria aliyesinzia ndani ya treni hajasogea hata kidogo ukimpima kwa kiti chake, lakini ukimpima kwa reli yuko mbioni. Majibu yote mawili ni sahihi, ilimradi kila mmoja aseme amepimia wapi.

Kasi haina shida: ni umbali uliokwenda ukigawanywa kwa muda uliotumia. Mwaka 2009 huko Berlin, Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Gawanya, utapata mita 10.4 kwa sekunde, yaani kama kilomita 37.6 kwa saa. Huo ni wastani tu. Bastola ilipolia alikuwa amesimama, kasi yake sifuri, kwa hiyo lazima kuna mahali katikati ya mbio alipokwenda kasi kuliko huo wastani ili kufidia. Kasi ya wakati fulani hasa, kama ile inayoonyeshwa na mshale wa spidi kwenye dashibodi ya gari, huitwa kasi ya papo hapo.

Velositi ni kasi pamoja na mwelekeo wake. Wanafunzi wengi wakifika hapa huhisi mwalimu anawatafutia maneno tu, na siwalaumu. Lakini tazama gari linalokata kona huku mshale umeganda kwenye 40. Kasi haijabadilika, ila mwelekeo unageuka kila nukta, kwa hiyo velositi inabadilika. Na aliyemo ndani anajua kuna jambo, maana bega lake limeshakandamizwa mlangoni.

Hapo ndipo neno mchapuko linapoingia. Mchapuko ni kiasi ambacho velositi hubadilika katika kila sekunde. Mitaani tungesema ni kuongeza mwendo, lakini fizikia inahesabu zaidi ya hapo: kuongeza mwendo ni mchapuko, kufunga breki ni mchapuko, na kukata kona kwa kasi ileile nako ni mchapuko.

Chukua jiwe, liachie kutoka juu. Tusahau kwa muda upinzani wa hewa. Baada ya sekunde 1 linakwenda mita 9.8 kwa sekunde. Baada ya sekunde 2, mita 19.6 kwa sekunde. Baada ya 3, mita 29.4. Kila sekunde inayopita inaongeza mita 9.8 kwa sekunde nyingine juu ya zile za mwanzo, ndiyo maana kipimo cha mchapuko kinataja sekunde mara mbili: mita 9.8 kwa sekunde, kwa kila sekunde.

Sasa lirushe jiwe hilohilo wima kwenda juu. Linapanda, linapungukiwa, linafika kileleni, linasimama, linarudi. Pale kileleni, katika ile nukta ambayo velositi yake ni sifuri, mchapuko wake ni kiasi gani? Wengi hujibu sifuri. Jibu ni 9.8 kuelekea chini, uleule ambao limekuwa nao tangu lilipotoka mkononi. Mchapuko ungekuwa sifuri, velositi isingebadilika tena, na jiwe lingebaki linaning'inia hewani. Ukilielewa jiwe hili la kileleni, umeshaelewa tofauti ya velositi na mchapuko, na mengine yatakuwa mepesi.

Kinachosababisha mchapuko ni kani, yaani msukumo au mvuto wowote. Kwa karne nyingi waliomfuata Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, waliamini kwamba kitu hakiendi bila kusukumwa, na macho yanawaunga mkono: acha kusukuma kabati, nalo linasimama. Galileo ndiye aliyeuliza swali kwa njia nyingine. Mpira ukiuviringisha kwenye mteremko, utapanda mteremko wa pili ulio mbele yake hadi karibu kimo kilekile ulichotokea. Ukiulaza kidogo mteremko wa pili, mpira utakwenda mbali zaidi kabla ya kufikia kimo hicho. Je, ukiulaza kabisa ukawa tambarare? Hakuna kimo cha kufikia, basi hakuna sababu ya kusimama. Kabati husimama kwa kuwa sakafu inalizuia, na kizuizi hicho huitwa msuguano.

Mwaka 1687 Isaac Newton aliliweka hilo kuwa kanuni yake ya kwanza: kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea moja kwa moja kwa kasi ileile, mpaka kani isiyosawazishwa na kani nyingine ikiguse. Chombo cha anga za juu cha Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977, na leo bado kinakwenda takriban kilomita 17 kila sekunde bila injini yoyote kukisukuma. Tabia hii ya vitu kung'ang'ania hali yao huitwa inesha. Basi likifunga breki ghafla, abiria husema wamesukumwa mbele, lakini hakuna aliyewasukuma. Basi limepunguza mwendo, miili yao ikaendelea na ule wa zamani, na mkanda ndio unaoipa kani ya kuisimamisha.

Kanuni ya pili inatoa hesabu: kani ni masi mara mchapuko. Masi, au tungamo, ni kiasi cha maada iliyomo katika kitu, na ndiyo inayopima ukaidi wake, yaani ile inesha. Sukuma toroli tupu, kisha lijaze na ulisukume kwa nguvu zilezile, utaona lilivyo zito kuanza na lilivyo gumu kusimamisha. Kani hupimwa kwa newtoni. Masi na uzito ni vitu viwili: mtu wa kilo 60 anavutwa na Dunia kwa kani ya newtoni 588 hivi, na Mwezini angevutwa kwa newtoni 97 tu, ilhali kilo zake ni zilezile 60.

Je, kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi? Hapana, hewa ikiondolewa. Kizito huvutwa kwa kani kubwa zaidi, lakini ukaidi wake nao ni mkubwa kwa kiwango hichohicho, kwa hiyo mchapuko unatoka sawa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja akiwa Mwezini, kusiko na hewa, vikatua pamoja.

Kanuni ya tatu inasema ukikisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa kani iliyo sawa, kuelekea upande wa pili. Unatembea kwa sababu mguu unasukuma ardhi nyuma na ardhi inakusukuma mbele. Kani hizi mbili hazifutani, kwani moja iko juu ya ardhi na nyingine iko juu yako.

Turudi barabarani na hesabu zetu. Gari linakwenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, na breki zake zinapunguza mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Litasimama baada ya sekunde 2. Kasi ya wastani katika muda huo ni mita 5 kwa sekunde, kwa hiyo litatumia mita 10. Sasa liende kilomita 72 kwa saa, breki zilezile. Sekunde 4 kwa wastani wa mita 10 kwa sekunde: mita 40. Kasi imekuwa mara mbili, umbali wa kusimama umekuwa mara nne. Na dereva akichelewa sekunde moja kabla mguu haujagusa breki, ongeza mita 20 nyingine.