Kabla ya asilimia, hesabu watoto

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, simu yangu hujaa picha za orodha za shule. Safari hii ya kwanza ilitoka kwa mama mmoja wa Chamazi, tunayefahamiana tangu nilipokuwa mwalimu wa taaluma huko Mbagala. Aliandika: "Shikamoo mwalimu. Hii ya kulipia wamefaulu wote. Yetu kuna waliofeli. Nimhamishe mtoto?" Mwanawe yuko darasa la tano katika shule ya serikali, ile ambayo wengine huingia asubuhi na wengine mchana kwa sababu vyumba havitoshi. Ada ya hiyo nyingine ingemlazimu kuuza cherehani yake ya pili. Kwa hiyo nilimjibu kwa urefu, na hapa naandika yale niliyomwambia, maana naulizwa hivyo hivyo kila mwaka.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo sita, na kila somo lina alama 50. Jumla ni 300. Mtoto akipata 241 au zaidi ana A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C. Wote hao watatu wanahesabiwa wamefaulu. Maana yake, mtoto wa alama 121 na mtoto wa alama 280 wanaingia kwenye asilimia moja, na ukisoma asilimia hiyo peke yake huwezi kuwatofautisha. Shule mbili zinaweza kuwa na ufaulu uleule, moja imejaa A na B, nyingine imejaa C za pembeni kabisa, yaani za alama 121 au juu yake kidogo tu.

Na C ya pembeni inapatikanaje? Tangu mwaka 2012 majibu ya kuchagua yanasahihishwa kwa mashine, mtoto anaweka kivuli kwenye herufi. Tuchukue karatasi ya Hisabati yenye maswali 40 ya kuchagua, kila swali na majibu matano. Mtoto anayejua maswali 16 tu, akibahatisha hayo 24 yaliyobaki, kwa kawaida ataangukia karibu matano. Sasa ana 21. Alama 21 katika somo ndiyo mwanzo wa C. Nimewafundisha watoto wa namna hiyo. Wanatoka kwenye chumba cha mtihani wakiwa wamefaulu Hisabati, lakini ukimpa mmoja wao kalamu umwambie agawanye 432 kwa 6 huku ukimtazama, anakwama. Hakuna aliyeiba mtihani hapo. Mtoto huyu alikwama tangu darasa la tatu, sisi tukaendelea mbele na wenzake.

Ndiyo sababu mimi hufungua alama za somo moja moja, na naanza na Kiingereza. Shule nyingi za serikali hufanya mitihani yao kwa Kiswahili isipokuwa hilo somo, kisha Januari mtoto anaingia kidato cha kwanza na kukutana na Baiolojia na Jiografia kwa Kiingereza. Mtoto mwenye A ya Kiswahili na D ya Kiingereza anaweza kufaulu kwa jumla, na miezi mitatu baadaye akawa anakaa kimya darasani. Mzazi anadhani kabadilika tabia.

Lakini jambo nililomsisitizia zaidi yule mama ni hesabu ya watoto wenyewe. Baraza la Mitihani hutangaza pia matokeo ya upimaji wa darasa la nne, shule kwa shule. Waliokuwa darasa la nne mwaka 2022, ndio waliotarajiwa kukaa mtihani wa darasa la saba mwaka 2025. Fungua kurasa zote mbili, weka idadi kando kwa kando. Shule ikiwa na watoto 60 darasa la nne na 35 darasa la saba, hao 25 wamekwenda wapi? Wengine wamehama kwa heri. Dar watu tunahama, mwenye nyumba akipandisha kodi familia ya Temeke inaibukia Chanika. Wachache watakuwa wamerudia darasa. Ila pengo kubwa la kila mwaka lina sababu nyingine, nami nimepokea watoto wa aina hiyo: wameletwa darasa la sita na barua ya uhamisho mkononi, mzazi ameambiwa kwa upole kwamba mtoto "hataendana na kasi ya shule." Mtoto wa miaka kumi na mbili anajua fika maana ya maneno hayo. Nililia na mmoja wao ofisini.

Asilimia mia ya shule inayofanya hivyo imepatikana kwa kuwaondoa wanaoanguka. Na shule ya serikali iliyompokea ndiyo inayobeba jina la kufelisha, ikiwa na mwalimu mmoja mbele ya madawati yaliyojaa watoto hadi mlangoni. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora, nami nilifurahi kwa dhati. Mabango ya asilimia, hata hivyo, bado yako barabarani.

Sisemi shule za kulipia ni mbaya. Ziko zinazofundisha vizuri na darasa lao la saba linalingana na lile la nne. Hizo zinastahili sifa zake, na hesabu hiyohiyo ndiyo inayozitoa.

Jioni yake mama wa Chamazi alikaa na mwanawe mkubwa, wakafungua tovuti kwa simu, wakahesabu miaka mitatu mfululizo. Akanitumia karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mkono, namba zimepigiwa mstari. Shule aliyoitamani hupoteza zaidi ya theluthi ya watoto kila mara kabla ya darasa la saba. Chini ya namba hizo ameandika swali jingine, ambalo nimeona ni bora zaidi kuliko la kwanza: "Mwalimu, nifanyeje nijue kama wangu anaelewa kugawanya?" Jumamosi anakuja naye nyumbani.