Sukari imepanda? Hebu tuangalie kwanza dawa unazomeza

Watu wengi wakipima sukari wakakuta iko juu kidogo, 6.4 ama 6.7 (namba zote za sukari ya damu hapa ni mmol/L) kabla ya kula, kitu cha kwanza kulaumiwa ni posho (ugali), chai, soda, ile rolex ya asubuhi, chapati iliyoviringishwa na mayai. Sawa, chakula kina sehemu yake, lakini mimi ni mfamasia hapa Arua, Uganda, na swali langu la kwanza huwa siyo umekula nini, huwa ni unatumia dawa gani, zote, hata ile sindano uliyochomwa juzi kwa sababu ya mgongo, hata krimu ya kupaka. Naomba mtu aje na pakiti zenyewe kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), maana kuniambia "ile nyeupe ndogo" hainisaidii.

Tuelewane kwanza kwenye namba. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema asubuhi hujala kitu, ukipata kati ya 6.1 na 6.9 bado si kisukari lakini uko njiani kuelekea huko, Wamarekani wao wanaanza kuhesabu kwenye 5.6. Ikifika 7.0 na ukirudia siku nyingine ikatoka hivyohivyo, hicho ni kisukari. Sasa huyu aliye njiani ndiye namhofia zaidi kwenye mambo ya dawa, kongosho lake, kiungo kinachotoa insulini ya kuondoa sukari kwenye damu, tayari linafanya kazi kwa kujikaza, ukimpa dawa inayosukuma sukari juu anavuka haraka kuliko mtu ambaye sukari yake ni 4.8.

Dawa zinazoongoza ni steroidi. Predi (prednisoloni) na deksa (deksamethasoni) mnazijua, predi ya pumu, ya aleji, ya viungo, na deksa ya sindano ambayo kwenye klinik nyingine wanachoma karibu kwa kila kitu, mtu ana homa, deksa, ana maumivu, deksa, anaondoka anajisikia vizuri na hakuna aliyemwambia kitu. Steroidi zinaliambia ini limwage sukari kwenye damu na wakati huohuo zinafanya misuli isiisikilize insulini, kwa hiyo sukari inaingia kwa wingi na haina pa kwenda. Halafu kuna jambo ambalo linawapita hata wahudumu: ukimeza predi asubuhi, sukari inapanda mchana mpaka jioni, usiku inashuka, na asubuhi ukipima kabla ya kula unakuta 5.2 unafurahi. Kumbe saa nane mchana ulikuwa 12! Mtu anayetumia predi apimwe baada ya masaa mawili tangu ale chakula cha mchana, ama kabla ya chakula cha jioni, kipimo cha asubuhi peke yake kitamdanganya. Ukiona 11.1 kwenda juu, na unakojoa sana na kiu haiishi, usingoje siku ya kliniki ifike, rudi kwa daktari leo.

Lakini tafadhali, usisome hapa ukaenda kutupa predi yako. Ukiimeza wiki nyingi mfululizo, zile tezi zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza steroidi ya mwili wenyewe, ukikata ghafla unabaki bila kitu, presha inashuka, unatapika, unaishiwa nguvu kabisa, na mtu anaweza kufa hivyo. Inapunguzwa kidogokidogo na aliyekuandikia.

Na hapa niseme na dada zangu. Vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni bila pakiti, mara nyingi ndani ni deksa pamoja na dawa ya aleji inayoleta njaa. Uso unajaa, nguo zinabana, na sukari inapanda kimyakimya kwa msichana wa miaka ishirini na kitu ambaye hakuna hata mtu atafikiria kumpima. Krimu kali za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli ni ndugu moja na hizo, ukipaka mwili mzima miezi na miezi inaingia kwenye damu. Hili linaniuma kweli kwa sababu hakuna ugonjwa uliokuwa unatibiwa hapo.

Dawa za presha sitakaa sana. Bendro (bendroflumethiazaidi) na wenzake wa kukojosha wanapunguza potasiamu mwilini, na kongosho linahitaji potasiamu ili litoe insulini vizuri, ila kwa dozi ndogo kama miligramu 2.5 ya bendro madhara ni madogo, na presha iliyoachwa bila dawa inaleta kiharusi, kwa hiyo wazee wangu endeleeni nayo, mpimwe tu sukari na potasiamu. Atenololi na propranololi ukiwa unachoma insulini ama unameza glibenklamidi, kidonge cha kisukari, zinaficha dalili za sukari kushuka, moyo haudundi kwa kasi, mikono haitetemeki, jasho ndilo linabaki, basi ukitoka jasho bila sababu pima. Dawa za kolesteroli, zile za kundi la statini, zinaongeza kidogo mno: utafiti mmoja mkubwa uliojumlisha majaribio 13 ulikuta wakitibiwa watu 255 kwa miaka 4 anaongezeka mgonjwa 1 wa kisukari, na faida kwa moyo ni kubwa kuliko hapo. Anayetumia olanzapini kwa ajili ya akili yeye apimwe uzito na sukari kabla ya kuanza na aendelee kupimwa, hiyo dawa inanenepesha haraka.

Nimeacha ARV nyuma kwa sababu nataka tuzungumze taratibu. Dolutegraviri, mojawapo ya ARV, ilianza kutolewa kwa wingi Uganda 2018 na ni dawa nzuri sana, inashusha virusi haraka, naiunga mkono kwa moyo wote. Ila ni hapahapa Uganda, Kampala, ambapo madaktari waliona watu wachache waliohamishiwa kwenye hiyo dawa sukari inapaa vibaya ndani ya miezi michache, 16 kati ya zaidi ya watu 3,400. Ni wachache, lakini dalili yao ni kukonda na kiu, na mtu wa ARV akikonda kila mtu anawaza TB ama dawa imeshindwa, hakuna anayewaza sukari. Kwa hiyo ukiwa umeanzishiwa dolutegraviri na unakonda huku unakojoa usiku kucha, omba wakuchome kidole wapime sukari palepale kliniki. Usiache dawa mwenyewe, wao ndio wataamua kama wakubadilishie. Na kama tayari unameza metformini, dawa ya kisukari, mwambie anayekupa dolutegraviri, inafanya metformini ijae zaidi kwenye damu na kwa kawaida haitakiwi kuzidi miligramu 1,000 kwa siku.

Kitu cha mwisho kwa wanaopenda kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, ambacho asilimia 5.7 mpaka 6.4 ndiyo ile hali ya njiani. Kinategemea chembe nyekundu za damu kuishi muda wake wa kawaida, sasa ukiwa na siko seli zinakufa mapema, na dapsoni, dawa inayotumika kwa ukoma, nayo inaweza kuzifupishia maisha, kwa hiyo jibu linatoka zuri wakati sukari yako si nzuri. Waambie watu wa maabara mapema, wakupime sukari yenyewe, kabla ya kula na baada.