Uhalisia kwenye gemu za magari: maana yake hasa ni nini?

Kwenye kibanda kimoja cha gemu huku Mabatini, Mwanza, dereva wa daladala alikaa kwenye benchi, akapokea pedi ya kuchezea na kutangaza kwamba leo watoto watafundishwa kuendesha. Kona ya kwanza, gari likanyoosha hadi kwenye changarawe. Ya pili likazunguka kama pia. Dogo mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akamwambia, "Anko, unabana breki huku unakata kona. Achia kwanza." Anko akajibu kuwa hiyo gemu ni ya uongo, yeye yuko barabarani kila siku.

Neno uhalisia ndilo lililowagombanisha. Wengi tukilisikia tunafikiria picha: matone ya mvua kwenye kioo, rangi inayong'aa, mlio wa injini. Hiyo ni sura tu. Uhalisia wanaouzungumzia wachezaji ni zile kanuni ambazo gari linazitii likiwa kwenye mwendo, yaani uzito wake, tairi zake na lami iliyo chini yake.

Chukua tairi peke yake. Uwezo wake wa kung'ang'ania barabara una kikomo, na breki, mafuta na usukani vyote vinagombea uwezo huohuo. Ni kama una noti moja ya elfu kumi: ukiimaliza yote kwenye breki, hubaki na chenji ya kukatia kona. Tena ukifunga breki uzito wa gari unahamia mbele, tairi za nyuma zinakuwa nyepesi, na ukizungusha usukani wakati huohuo nyuma ya gari inataka kutangulia. Gemu za simyuleta, yaani zinazojaribu kuiga udereva wa kweli, kama iRacing ya 2008 au Assetto Corsa ya Waitaliano wa Kunos Simulazioni iliyotoka 2014, zinakokotoa hayo bila kupumzika, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Dogo alikuwa sahihi.

Upande wa pili kuna gemu za akedi, zilizozaliwa kwenye mashine za kutumbukiza sarafu. OutRun ya Sega, 1986, ilikuwa hivyo. Mtu aliyetoa sarafu yake hana muda wa kusomeshwa habari za tairi. Anataka utamu sasa hivi. Kwa hiyo huku gari likiserereka hupati adhabu, unapata sifa. Mario Kart imekwenda mbali zaidi: ukiserereka vizuri unapewa msukumo wa ziada, aliye nyuma anaokota silaha kali kuliko aliye mbele, na tangu Mario Kart 64 ya 1996 kuna gamba la bluu linalomwinda anayeongoza. Barabara ya kwenda Igoma ingekuwa na mambo hayo tungehama mji. Lakini kwenye benchi la watu wanne, gamba hilo ndilo linalomfanya wa mwisho asiirushe pedi ya watu ukutani.

Binafsi sipendi kuziweka gemu kwenye mafungu mawili, la ukweli na la raha. Ninachouliza ni kosa gani gemu hii inasamehe. Gran Turismo ya kwanza, 1997, ilijitangaza kuwa simyuleta halisi ya udereva, na ukiingia kona vibaya ilikuadhibu kweli. Ila ukibamiza ukuta, gari lilitoka bila hata mkwaruzo! Watu walisubiri hadi Gran Turismo 5, mwaka 2010, ndipo magari yakaanza kubonyea. Race Driver: Grid ya 2008 ilifanya kinyume: gari linasambaratika vipande, halafu kuna kitufe cha kurudisha muda nyuma, kona unairudia kama hakikutokea kitu. Ipi hapo ni halisi? Kila moja imechagua pa kuwa kali na pa kukuonea huruma.

Na Anko naye alikuwa na hoja. Akishuka mteremko wa Bugando, kiti kinamwambia mapema kwamba tairi linataka kuteleza. Anasikia mgongoni kabla macho hayajaona. Kioo cha televisheni hakimpi hicho. Pedi inatetemeka kidogo, basi. Usukani anaouzungusha kwa mikono miwili umegeuka kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba, mwendo wa milimita chache. Ndiyo maana hesabu zikiwa sahihi kabisa, gemu inaweza kuwa ngumu kuliko gari lenyewe, na watengenezaji wanalazimika kudanganya kidogo, kwa mfano kuupunguza kasi usukani pale mtu anapotumia pedi. Uongo huo unamrudishia mchezaji alichonyang'anywa.

Hesabu zenyewe si mchezo, lakini. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda shindano la GT Academy mwaka 2011, lililoanzia kwenye Gran Turismo, na 2013 alikuwa Le Mans, mbio za saa 24 kule Ufaransa, ndani ya gari la kweli.

Gemu nyingi za leo zinakuachia uchague mwenyewe. Kwenye mipangilio kuna misaada: breki zisizojifunga, kizuizi cha tairi kusota, mstari wa rangi barabarani unaoonyesha pa kupunguza mwendo. Unazima mmoja mmoja kadiri unavyozoea.

Jumapili iliyofuata Anko alirudi. Hakutangaza lolote. Alilipa, akamsogelea dogo na kumwambia taratibu, "Niwashie ule mstari."